Ngazi ya Nyuma

Theluji ya Aprili haianguki tena, imekaa tu
juu ya paa la gari-nyumba letu kama mgeni asiyeaga.
Chini yake paneli ya sola imelala gizani,
na betri inasoma kumi na moja nukta mbili.
Tauno anavaa glavu.
Namjua mtu anayevaa glavu bila kusema anakokwenda.

Ana miaka sabini na minane. Goti la kulia ni la chuma,
la kushoto ni lake, na hilo lake ndilo bovu.
Ngazi ya nyuma ina vipandio saba, vyembamba kama mpini wa ufagio,
vilivyotiwa skrubu kwenye ngozi ya plastiki
na fundi ambaye, nadhani, hakuwahi kuwa na baba mzee.

Kupanda mchongoma si kazi, kushuka ndiyo ngoma,
na ngoma yenyewe huchezwa kinyumenyume,
makalio mbele, mguu ukipapasa hewani
kipandio ambacho macho hayakioni.

Veikko alikipapasa Septemba iliyopita,
hapa hapa kando ya ziwa, nafasi ya tatu kutoka kwetu.
Alikwenda kupaka silikoni kwenye kidirisha cha paa
kwa sababu ya tone lililodondokea mto wa mkewe.
Tone moja. Nyonga ikavunjika mahali patatu.
Gari lao limenunuliwa na kijana wa Rovaniemi.
Aliuliza tu kama linavuja.

Mimi nilikula mshahara wa kiwanda cha karatasi
miaka thelathini na mmoja, juu ya mapipa yanayochemka,
nikitembea kwenye vijia vya chuma vyenye matundu kama chujio.
Hakuna aliyetuuliza kama tu majasiri.
Walituwekea reli ya kiunoni, reli ya gotini,
na ubao wa kuzuia kisigino.

Kwa hiyo nikabomoa benchi la juu la sauna,
lile la joto kali ambalo hatulipandi tena,
daktari alitukataza sote wawili kwa sentensi moja.
Mbao nyepesi, hazina vibanzi,
zimekunywa jasho letu miaka arobaini.
Nikapima, nikakata. Tauno akanishikia futi ya mkanda
huku amenuna, kama aliyeshikishwa kamba ya mbuzi wa jirani.

Likatoka jukwaa: ngazi nne pana, mguu mzima unaenea,
reli kushoto na kulia, na chini sahani za chuma
ili lisizame kwenye tope la Aprili.
Halifiki juu ya paa. Sikutaka lifike.
Linakuacha na paa kifuani.

"Na theluji ya katikati?"
Nikampa ufagio laini wenye mpini wa mita tatu,
na kioo cha kunyolea nilichokifunga kwenye ufito
ili aikague silikoni bila kuiinamia.
Akatazama. Akaona ufa. Akaona pia kidevu chake,
akakipapasa.

Theluji ikaporomoka upande wa pili
kwa sauti ya mtu mnene anayeketi.
Nikaleta kahawa. Tukaegemeza viwiko juu ya paa,
paa ambalo miaka ishirini na miwili nimelijua kwa vishindo tu,
nikiwa chini, nimeshika ngazi, nahesabu.
Kumbe ni meza. Lina kinyesi cha kunguru, sindano za msonobari,
na bisibisi, imegandia kwenye silikoni ya zamani,
ile ile tuliyogombania kule Tromso
mpaka tukanyimana maneno siku mbili.

Tauno akacheka kwa ndani, mabega tu.
Miaka sita amekuwa akiiruka, akishindwa kukiri.

Usiku ulichelewa, ndiyo desturi yake huku.
Alipolala nikatoka na bisibisi ile,
nikafungua vipandio viwili vya chini vya ngazi ya nyuma
nikavisukuma chini ya kitanda, upande wangu.

Asubuhi alizunguka gari mara mbili.
Akasimama nyuma. Akakohoa.
Akarudi ndani, akauliza kama mkate umebaki.